SOMO: Kima cha Chini cha Mshahara na Makisio ya Chama

Mwaka 2013 amri ya Serikali ya Tanzania iliweka kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kuanzia Januari 2023 kilipanda hadi shilingi 140,000. Watetezi wa wafanyakazi husema kwamba bei ya unga na nauli haikungoja miaka yote hiyo. Mkulima wa kahawa naye hujibu kwamba bei yake hutegemea soko la dunia, hivyo hawezi kuipandisha ili kufidia mishahara. Hoja zote mbili zina uzito. Hata hivyo sheria haina budi kufuatwa.

Mfano: Chama chenye wafanyakazi watatu wa shamba waliolipwa kima cha zamani huongeza shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Kikikusanya kilo 72,000, nyongeza hiyo ni shilingi 20 kwa kila kilo.

Katibu aiwasilishe hesabu hiyo katika mkutano mkuu kabla makisio hayajapitishwa. Kumpunja mfanyakazi ni kuvunja sheria. Kumficha mwanachama gharama ni kuvunja ushirika.

Swali la majadiliano: Mavuno yakishuka hadi kilo 36,000, nyongeza kwa kila kilo itakuwa shilingi ngapi, na itatoka fungu gani?