Kiyoyozi Kikidondosha Maji Ndani

Kiyoyozi kikianza kudondosha maji ukutani, usikimbilie kuongeza gesi. Mara nyingi kilichoziba ni njia ya maji.

Ndani yake mna mabomba ya shaba yaliyovikwa mapezi membamba ya aluminiamu. Hewa ya chumba ikigusa mapezi hayo ya baridi, unyevu wake hugeuka matone, kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Miezi ya joto la pwani, Dar es Salaam au Mombasa, kiyoyozi cha chumba cha kulala kinaweza kutoa lita 1 kwa saa. Maji huangukia kwenye kihori kilicho chini ya mapezi, kisha hutoka nje kwa mpira. Kwa kawaida hakuna pampu: yanateremka yenyewe. Mpira ukijikunja au ukipanda mahali, yanasimama. Vumbi lililopenya kichujio linageuka ute mzito, na kihori kinafurika.

Kwa hiyo anza na mpira. Zima umeme kwanza. Nje, hakikisha ncha yake haijazama kwenye ndoo au matope. Mwambie fundi aufyonze ute kwa mashine, asiusukume kurudi ndani, na aache mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Kichujio utaosha mwenyewe kwa maji na sabuni. Kikauke kivulini kabla ya kukirudisha. Dawa za klorini usizipake kwenye mapezi, zinakula aluminiamu.

Ukikuta barafu kwenye mapezi, usikwangue kwa kisu: ukitoboa bomba, gesi yote imekwenda. Zima ubaridi, acha feni peke yake hadi iyeyuke. Chanzo huwa kichujio kichafu au gesi pungufu. Hapo ndipo gesi inaingia kwenye mazungumzo, na hata hapo fundi aonyeshe kwanza panapovuja, kwa sababu gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa; haipungui kwa matumizi.

Maji yanayokingwa nje yanafaa kudekia, si kunywa. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji yaliyotuama ya namna hiyo, na mayai hung'ang'ania kuta za chombo. Mwaga ndoo kila siku, na angalau mara moja kwa wiki isugue kwa brashi.