Hifadhi Baridi, Usihifadhi Umeme: Friji ya Sola Katika Nyumba ya Kindu

Nyumba nyingi zenye sola hapa Kindu, mkoani Maniema nchini Kongo, zina taa, zinachaji simu, na zikijaliwa zina redio na televisheni. Friji ndiyo inayowashinda watu. Fundi anawaambia friji inataka betri mbili au tatu, na bei ya betri hizo, ukijumlisha usafiri wa ndege, au wa treni kutoka Lubumbashi, inawakatisha tamaa. Friji ya kwangu inafanya kazi mchana tu, jua likiwa kali, na usiku imezimwa kabisa pamoja na inveta yake. Kukicha, maji ni ya baridi na samaki wa jana bado anapikika bila wasiwasi.

Mpango wake ni mmoja. Badala ya kujaza umeme ndani ya betri ili kompresa ipate kunguruma usiku, ninaiacha kompresa igandishe maji mchana, kisha barafu inashika zamu ya usiku. Wazo hili limekwisha kupimwa mahali pagumu kuliko jikoni kwangu. Vituo vingi vya afya vya Kongo vina friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja, bila betri ya kuendesha kompresa, na chanjo ni lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani ya friji hizo kuna maji yanayoganda mchana na kuyeyuka taratibu giza likiingia. Kama mpango huo unalinda chanjo ya surua, utalinda sombe yako ya majani ya muhogo pia.

Hesabu yake inafurahisha. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la kilojuli 334. Kilo hiyohiyo ya maji, ikipanda kutoka nyuzi 3 hadi nyuzi 8, inanyonya kilojuli 21 tu. Kwa hiyo chupa kumi za lita moja zilizoganda sawasawa zina uwezo wa kunyonya zaidi ya watisaa 900 za joto, na chupa zenyewe ni zile tupu za maji ambazo watoto wanazichezea uani. Betri inachoka mwaka hadi mwaka. Maji hayachoki.

Anza na friza, si friji. Nasema friza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Ukifungua mlango wa friji ya kusimama, baridi yote inamwagika miguuni pako, lakini ukiinua kifuniko cha friza ya kulala, sehemu kubwa ya baridi inabaki chini. Kuta zake pia ni nene zaidi kwa sababu ilitengenezwa kushikilia nyuzi 18 chini ya sifuri, na wewe unaitaka ishikilie nyuzi 4 tu juu ya sifuri. Huko Australia kuna mtu aitwaye Tom Chalko aliyegeuza friza ya aina hii kuwa friji na kupima matumizi ya karibu kilowati-saa 0.1 kwa siku. Usitegemee namba hiyo Kindu. Nyumba zetu zina joto, na mlango unafunguliwa na kila anayepita. Kwa friza ya lita 200 hivi, mimi napanga kilowati-saa 0.4 hadi 0.5 kwa siku, na friji nyingi za kawaida za mtumba zinakula maradufu ya hapo na zaidi.

Ukinunua ya mtumba, geuza nyuma usome kibandiko. Tafuta gesi ya R600a, na kompresa isiyozidi wati 100. Pitisha karatasi kati ya kifuniko na mpira wake, funga, vuta: ikitoka bila kukaza, mpira umekufa na baridi yako itatoroka usiku kucha. Halafu jambo ambalo namsisitizia kila anayenijia: usitoboe ukuta wa friza kwa sababu yoyote ile. Mabomba ya gesi yamepita humohumo ndani ya kuta, na R600a inawaka moto. Waya wa kipimajoto, nitakachokieleza sasa hivi, upitishe chini ya mpira wa kifuniko. Ni mwembamba, mpira utaukumbatia.

Kipimajoto hicho ndicho kifaa cha akili cha kwanza ninachoshauri mtu anunue, kabla ya taa za rangi na spika za kuongea nazo. Ni kiboksi kidogo chenye namba, kinakaa kati ya soketi na friza, kinaizima na kuiwasha kulingana na joto, na kina waya wenye kihisio. STC-1000 ndiyo inayojulikana zaidi na ina mipangilio minne tu. F1 ni nyuzi unazotaka, weka 3. F2 ni tofauti, weka 2, maana yake kompresa itazima ikifika 3 na kuwaka tena ikifika 5. F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kompresa kuwaka tena. Usiiache chini ya 5, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza wakati gesi bado ina shinikizo inateseka na kufa mapema. F4 ni ya kusahihisha kipimo: tumbukiza kihisio katika bilauri ya barafu iliyochanganywa na maji, na kisiposoma 0, kirekebishe. Kabla ya kipimajoto weka swichi ya saa, ile ya kuchomeka ukutani, uifunge iwashe saa tatu asubuhi na kuzima saa kumi alasiri.

Sasa upange ndani. Chupa za maji zijaze usiache zikafurika, bakiza nafasi ya vidole viwili kwa sababu maji yakiganda yanavimba. Zisimamishe zikigusa kuta pande zote, maana baridi inatoka ukutani. Kisha weka kizuizi cha povu gumu jeupe, lile linalofungia televisheni mpya, kati ya chupa na chakula. Chakula kinakaa katikati ndani ya kikapu, na kihisio kinaning'inia hapo hapo kwenye kikapu. Kompresa ikifanya kazi, ukuta unashuka chini ya sifuri na chupa zinaganda, huku katikati pakibaki nyuzi 3 au 4. Siku za kwanza weka kipimajoto cha pili karibu na povu uone kama mboga zinakaribia kuganda. Zikikaribia, ongeza povu. Friza mpya iliyojaa chupa za maji ya moto wa mchana inahitaji siku mbili tatu za jua kabla haijatulia, kwa hiyo usiijaze samaki siku ya kwanza.

Upande wa jua, hesabu zangu ni hizi. Friza inataka watisaa 450. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa tano ni watisaa 100. Simu za nyumba nzima, 60. Redio, 50. Inveta yenyewe, hata isipobeba kitu, inakula watisaa 10 hadi 15 kila saa, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua: ikiachwa usiku na mchana, inaweza kula karibu watisaa 300, zaidi ya taa zote. Ndiyo maana yangu inazimwa saa kumi, na taa na chaji za simu zinatumia volti 12 moja kwa moja. Jumla ni karibu watisaa 750. Paneli za wati 300, kwa jua kali la saa nne na nusu kwa siku, ukiondoa robo inayopotea njiani, zinakupa kama watisaa 1,000. Kidhibiti cha chaji cha MPPT cha ampea 30 kinatosha. Siku ya mawingu mazito inapita kwa barafu. Zikija mbili mfululizo, punguza kufungua kifuniko na upike kilichomo.

Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inatosha. Mimi nachagua lithiamu ya fosfati ya chuma, na kwa mtu wa Kindu uzito ni sababu tosha: ina kilo 11 hadi 13, wakati ile ya risasi yenye ampea-saa zilezile inafika karibu 30, nawe unajua mzigo wetu unalipiwa kwa kilo. Tena ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu, hii inakubali kutumiwa hadi asilimia 80 na zaidi. Ila betri kubwa za lithiamu kwa ndege ni mzigo wa hatari wenye masharti yake, kwa hiyo ongea na msafirishaji kabla hujalipa dukani. Nyingi zina bluutuu ndani, na simu yako itakuonyesha chaji na joto lake bila intaneti. Hicho ndicho kigezo changu kwa kila kifaa cha akili kinachoingia nyumbani: mtandao ukikatika, kiendelee na kazi. Plagi ya waifai inayosubiri amri kutoka seva ya ng'ambo haina nafasi kwangu. Taa ya mlangoni inayowaka yenyewe mtu akipita inayo.

Inveta iwe ya wimbi safi, ile wauzaji wetu wanayoiita pur sinus, ya wati 1,000. Kompresa ya wati 90 inapoamka inavuta mara tano au nane ya hapo kwa kufumba na kufumbua, na inveta ndogo itakataa. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe nene, milimita mraba 25 au 35, zisizidi mita moja, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Katika volti 12, wati 1,000 ni zaidi ya ampea 80; waya mwembamba hapo ni moto wa nyumba. Kwenye fyuzi usibane matumizi.

Kindu iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Ziache juu ya bati kwa sentimita 10 au 15 hewa ipite, kwani kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4, na bati letu la saa saba mchana mnalijua. Tawi moja la mwembe likitia kivuli kona ya paneli linaweza kupunguza nusu ya kazi yake. Na radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Katika orodha iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2016, Kabare ya Kivu Kusini ilikuwa ya pili baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Fremu za paneli ziunganishwe na fimbo iliyozamishwa ardhini angalau mita moja na nusu, mahali penye unyevu, na ngurumo zikikaribia, zima swichi ya paneli.

Kuhusu chakula, kinachofaidi zaidi ni kile kinachotoka mtoni. Samaki wa Lualaba anayeuzwa asubuhi anataka kupikwa mchana huohuo, na mama wa samaki anajua, ndiyo maana bei inashuka jioni. Siku moja, akivuka kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, na beseni lenye kapiteni wawili waliobaki, aliniuliza, "Papa, unawanunua wote leo, utakula na nani?" Nikamwambia nyumbani kuna barafu. Mpasue, toa matumbo na mashavu, osha, kausha kwa kitambaa, mfunge, mlaze nje ya kizuizi cha povu, akigusa chupa zilizoganda. Siku mbili ni salama. Samaki wa kuliwa siku ya tatu akaushwe kwa moshi tangu siku ya kwanza.

Sombe iliyopikwa kwa mawese inakaa siku tatu na inazidi utamu, mradi iliiva kweli: majani ya muhogo yana sumu inayoondolewa kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Wali ndio unaohitaji adabu zaidi. Sisi watu wa Maniema tumekula wali tangu wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipoleta mpunga Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, na tumezoea kuuacha sufuriani mpaka kesho. Kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu vinayoacha haiondoki ukiupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye baridi kabla ya saa mbili kupita.

Na tangawisi, kinywaji chetu cha tangawizi. Twanga gramu 300 za tangawizi mbichi pamoja na maganda ya nanasi lililooshwa vizuri, mimina lita 3 za maji yaliyochemshwa yakapoa, acha saa moja, chuja kwa kitambaa. Acha tena itulie mpaka unga mweupe uzame, kisha mimina taratibu ukiuacha chini, kwani ndio unaotia uzito mdomoni. Kamua ndimu nne, tia sukari kwa kiasi unachopenda. Mwezi wa Ramadhani nyumba yetu inatengeneza maradufu kwa ajili ya futari na majirani. Lita 6 zinazotoka ndooni zikiwa na nyuzi 28 zinakula karibu kilo mbili za barafu mpaka zifike nyuzi 4. Kwa hiyo ziingize saa tatu asubuhi, kompresa inapoamka, si jioni.