Somo la Bustani: Maji Safi kwa Bata wa Nyuma ya Nyumba

Familia kadhaa zilizofika hapa Marekani kutoka Kongo, Burundi na makambi ya Tanzania na Uganda zimeanza kufuga bata. Ni jambo jema. Bata anataga vizuri, hasumbuliwi sana na baridi, na watoto wanampenda.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Nyumbani bata alitoka asubuhi, akaenda mtoni au kwenye dimbwi, akarudi jioni. Maji yake hayakuwa kazi yetu. Hapa bata anaishi ndani ya uzio. Kila tone analokunywa umemletea wewe, na kila uchafu anaoutoa unabaki pale pale.

Mama mmoja wa kundi letu alijifunza hayo kwa njia ngumu. Majira ya joto yaliyopita alipata barua kutoka kwa mwenye nyumba: jirani analalamika juu ya harufu na mbu, kwa hiyo arekebishe hali hiyo ndani ya siku 14 au awaondoe bata. Bata wake walikuwa wanne tu, wazima, na walikuwa wanataga. Tatizo lilikuwa beseni moja la maji, lililokaa karibu na uzio wa jirani siku tisa bila kumwagwa.

Kabla ya kununua bata

Uliza mambo mawili. Je, mji wako unaruhusu bata, na wangapi? Sheria hutofautiana kutoka mji hadi mji. Mahali pengine kuku wanaruhusiwa lakini bata hapana. Pili, je, mkataba wako wa kupanga nyumba unaruhusu? Omba jibu kwa maandishi. Kama Kiingereza bado ni kigumu, mwombe mfanyakazi wetu anayehudumia familia yako apige simu pamoja nawe.

Kwa nini bata anachafua maji

Usimlaumu. Bata anakula kwa kuchanganya chakula na maji mdomoni, kisha anarudi kwenye beseni kusafisha mdomo. Anahitaji pia kuzamisha kichwa ili asafishe macho na tundu za pua. Akikosa maji ya kina cha kutosha, pua huziba na macho huvimba. Kwa hiyo usitegemee kwamba maji yake yatabaki masafi siku nzima. Kazi yetu ni kutenganisha maji ya kunywa na maji ya kuoga, kisha kupanga mapema maji machafu yatakwenda wapi.

Maji ya kunywa

Bata mzima hunywa karibu lita moja kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Chukua ndoo yenye kifuniko. Toboa matundu ubavuni, makubwa ya kupitisha kichwa cha bata lakini si mwili wake. Hivyo atazamisha kichwa bila kuingia ndani na kunya humo. Lainisha kingo za matundu zisimkate.

Weka ndoo kivulini, juu ya wavu mgumu au mbao zilizoachana kidogo, na chini yake chimba shimo dogo ulijaze kokoto. Maji yanayomwagika yatazama ardhini badala ya kufanya tope. Chakula kiwe hatua mbili au tatu kutoka kwenye maji. Akitembea kidogo, chakula kingi kinaishia tumboni badala ya ndoo. Lakini usimpe chakula kamwe mahali asipoweza kufikia maji, maana anaweza kukabwa.

Mwaga na suuza ndoo hiyo kila siku. Mara moja kwa wiki isugue kwa sabuni mpaka utelezi uishe. Ukitaka kuua vijidudu kwa klorini ya kufulia, ile wengi tunaiita jiki, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, suuza sana, kisha anika juani. Sugua uchafu kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Maji ya kuoga

Bata hahitaji ziwa. Karai kubwa au bwawa dogo la plastiki la watoto linatosha bata wachache. Akioga, husafisha manyoya na kuyapaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi. Bata anayeoga maji machafu kila siku manyoya yake huharibika, akalowa na kupata baridi.

Mwaga maji hayo yote kila baada ya siku mbili au tatu, na kila siku wakati wa joto kali. Kipimo rahisi ni hiki: kama huoni chini ya karai, mwaga. Wakati wa joto mbu anaweza kutoka kwenye yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo usiache maji yafike huko. Malaria ni nadra Marekani, lakini mbu wa hapa hueneza virusi vya West Nile. Tena, maji yaliyooza kwa joto, yenye majani au mzoga ndani, yanaweza kuleta sumu inayolegeza shingo ya bata na kumwua.

Vifaranga wadogo wapewe maji ya kina kifupi, na jiwe la kupandia. Wanaweza kuzama kwenye karai wakishindwa kutoka.

Maji machafu yaende wapi

Usiyamwage kwenye mtaro wa barabarani. Katika miji mingi mtaro huo hupeleka maji mtoni moja kwa moja bila kusafishwa, na unaweza kutozwa faini. Usiyamwage pia karibu na uzio wa jirani.

Yapeleke kwenye miti ya matunda, maua au nyasi, kila mara mahali tofauti. Ni mbolea nzuri. Lakini yasiguse mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi na nyanya. Wakulima wa kilimo hai wa Marekani wana kanuni ya kufuata juu ya samadi mbichi: siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Nasi tuifuate katika bustani zetu.

Linda watoto

Bata anayeonekana mzima anaweza kubeba salmonela kwenye kinyesi, na kinyesi kiko ndani ya maji. Kwa mtu mzima ugonjwa huo mara nyingi ni kuhara na homa. Kwa mtoto mchanga, mzee au mtu mgonjwa unaweza kuwa hatari. Kwa hiyo:

- Watoto chini ya miaka 5 wasiguse bata wala maji yao.
- Mtoto asicheze kwenye bwawa la bata, hata likiwa limeoshwa.
- Osheni mikono kwa sabuni, sekunde 20, kila mnapotoka bandani.
- Vyombo vya bata vioshwe nje, si kwenye sinki la jikoni.
- Viatu vya bandani vibaki nje.

Ndege wa mwituni

Tangu 2022 homa kali ya mafua ya ndege imeua kuku na bata wengi nchini. Bata wa mwituni wanaweza kuibeba bila kuonyesha dalili, na maji yaliyo wazi huwavuta. Weka wavu juu ya eneo la bata wako, na usiwape maji ya ziwa au kijito. Bata wakifa ghafla, usiwaguse kwa mikono mitupu wala usiwale. Piga simu ofisi ya kilimo ya jimbo lako.

Majira ya baridi

Maji yakiganda, bata anakaa na kiu huku amezungukwa na barafu. Peleka maji ya vuguvugu angalau asubuhi na jioni, au tumia chombo cha umeme kilichotengenezwa kwa mifugo ya nje. Usitie chumvi wala dawa ya gari ya kuzuia kuganda. Dawa hiyo ni sumu. Siku za baridi kali kuoga kunaweza kusubiri, kunywa hakusubiri.

Ratiba fupi

Kila siku: mwaga, suuza na jaza ndoo ya kunywa.
Kila siku mbili au tatu: mwaga na jaza karai la kuogea.
Kila wiki: sugua vyombo vyote, geuza kokoto, hamisha karai mahali pakavu.

Yule mama hakuwaondoa bata wake. Alihamisha karai likakaa karibu na mti wa tufaha, akachimba shimo la kokoto, akampa mwanawe mkubwa zamu ya kumwaga maji. Kisha alikwenda kwa jirani na mayai sita, akamweleza alichobadilisha. Mwenye nyumba alikuja kuangalia, akaridhika. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukishanunua bata, umenunua na kazi ya maji yake.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Katika uwanja wako, maji machafu yatakwenda wapi bila kumfikia jirani?
2. Nani nyumbani atashika zamu ya maji siku za shule na siku za kazi?
3. Unaanzaje mazungumzo na jirani kabla hajalalamika?

Kwa ushauri zaidi, kila jimbo lina ofisi ya ugani ya chuo kikuu, kama bwana shamba wa kwetu. Fika ofisini kwetu tukusaidie kuipata na kupanga mkalimani.