Kikundi, Upatu, Kikoba na Ushirika

SWALI: Wakazi wa Mbagala na Tandale, jijini Dar es Salaam, huita makundi yao ya kuchangiana fedha kwa majina mbalimbali. Je, majina hayo yana maana moja?

JIBU: Hapana. Kikundi ni jina la jumla, linalomaanisha watu wachache waliokubaliana kutimiza lengo moja. Upatu ni utaratibu ambao wanachama huchanga kiasi kilicho sawa na kumkabidhi mmoja wao fedha zote kwa zamu, hivyo hakuna akiba inayobaki. Kikoba, kwa upande wake, hukusanya akiba kwa njia ya hisa, hukopesha wanachama kwa riba, na kugawana faida mwishoni mwa mzunguko. Jina hilo limetokana na kifupisho VICOBA (Village Community Banks), ambacho wasemaji wamekipatia umoja kwa kufuata ngeli ya ki-vi, nalo likalingana na kikoba chenye maana ya mkoba mdogo.

Ushirika ni chombo kinachosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanzania ya mwaka 2013, na SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ni mojawapo ya aina zake. Neno chama nalo lina tofauti ya kimatumizi, kwa kuwa nchini Kenya hutumika hata kwa kikundi cha akiba, ilhali nchini Tanzania huelekea zaidi kwenye siasa, wafanyakazi na ushirika.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, msomaji aulize kwanza kundi husika ni la aina gani, kwa maana haki za mwanachama hufuata aina hiyo.