Kuzipima Nyota Ukiwa Lwakhakha

Mkazi wa Lwakhakha ana kitu ambacho mwanafalaki wa London au wa Cape Town hana: mbingu nzima. Mji huu wa mpakani uko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo nyota za kusini na za kaskazini zote hupita hapa, kila moja kwa msimu wake. Aliye London hataiona nyota ya Suheli maisha yake yote akibaki kwao. Aliye Cape Town halioni kundi la Dubu Mkubwa likiwa kamili. Wewe unaziona zote mbili, na ule mkanda wa nyota tatu za kundi la Jabari hukupitia utosini hasa. Mwanzoni mwa Februari, mwendo wa saa tatu na nusu usiku, inua uso wima: nyota ya pembeni mwa mkanda huo, Mintaka, itakuwa juu yako kwa tofauti ya digrii moja hivi.

Nafasi hii isipotee bure. Yapo mambo ambayo wanafalaki huyafanya kuhusu nyota na galaksi zing'aazo zaidi, na mengine katika hayo unaweza kuyafanya kwa macho, daftari na kalamu.

Anza na mahali. Taa za forodha na za malori yanayosubiri kuvuka, pamoja na mulika mwizi za sokoni, huua giza. Tafuta uwanja wa shule au ua wa nyumbani ambapo hakuna taa inayokupiga moja kwa moja machoni. Upande wa kusini uwe wazi kabisa, maana huko ndiko kuna mengi. Kaskazini Mlima Elgon utakuzibia kidogo na hakuna la kufanya. Usiende kusimama kando ya mto usiku. Mtu anayezunguka na tochi kwenye mpaka hudhaniwa kuwa wa magendo, na ana kazi kubwa ya kujieleza. Mwambie mzee wa mtaa na majirani mapema, na ikiwa ni klabu ya shule, mwalimu awe na wanafunzi wake. Vaa sweta kwa sababu ya baridi ya mlimani, gambuti kwa ajili ya nyoka, na ujipake dawa ya mbu.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, kabla mvua za masika hazijaanza. Chagua siku ambazo mwezi ni mchanga au haujaandama. Ukishatoka nje, kaa gizani dakika 20 au 30 bila kuitazama simu, kwa kuwa jicho huchukua muda huo kulizoea giza na hupoteza yote kwa mwako mmoja wa kioo. Tochi ifunike kwa karatasi au kitambaa chekundu. Kama una programu ya ramani ya nyota kwenye simu, mfano Stellarium ambayo hupatikana bure, iweke kwenye hali ya usiku ili kioo kigeuke chekundu.

Sasa tazama kusini mashariki mwa mkanda wa Jabari. Nyota kali kuliko zote ni Shira, ambayo vitabu vya shule huiita Sirius. Chini zaidi kusini, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka utosini hadi ardhini, iko Suheli, yaani Canopus, ya pili kwa mng'aro katika nyota zote za usiku. (Zuhura na Mshtarii zikiwepo zitazizidi zote mbili, lakini hizo ni sayari, na utazitambua kwa kuwa mwanga wake umetulia.) Swali la kwanza la mwanafalaki ni hili: Shira inaizidi Suheli kwa kiasi gani, na inaizidi kweli au kwa macho tu?

Mng'aro hupangwa kwa madaraja. Mpango huo unahusishwa na Hipparchus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na mwaka 1856 Norman Pogson aliupa hesabu kamili: tofauti ya madaraja matano ni mng'aro mara 100, kwa hiyo daraja moja ni kama mara 2.5. Nambari ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi, na zile kali kupita sifuri huwekewa alama ya kutoa. Nyota hafifu ambayo jicho zuri huiona gizani ni ya daraja la 6. Shira iko -1.46, Suheli -0.74. Ukipiga hesabu, Shira inakuletea mwanga karibu mara mbili ya Suheli.

Hapo ndipo penye mtego. Shira iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru tu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja), nayo Suheli iko kama miaka 310 ya nuru. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, unabaki na robo. Zibadilishe nafasi kichwani mwako. Suheli ikikaa ilipo Shira itaishinda Zuhura kwa mbali na kukupa kivuli ardhini. Shira ikikaa ilipo Suheli itafifia hata uitafute kwa darubini. Kwa nguvu zake halisi Shira ni kama Jua letu mara 25, na Suheli inapita Jua mara 10,000. Kazi kubwa ya falaki, tangu nyota hizi za utosini hadi galaksi za mbali, ni kuyatenganisha mambo hayo mawili yaliyochanganyika katika nukta moja ya mwanga: nguvu na umbali.

Umbali wa nyota za jirani hupimwa kwa kuitazama nyota ileile Dunia ikiwa upande mmoja wa Jua, halafu miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Nyota huonekana imesogea kidogo mno, na pembe hiyo ndiyo inayotoa umbali. Friedrich Bessel alifaulu kwanza mwaka 1838. Chombo cha Ulaya cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kilizipima nyota zinazokaribia bilioni mbili. Lakini nyota kali mno humwaga mwanga kupita uwezo wa vifaa vyake, na umbali wa Suheli nilioutaja unatokana na chombo cha zamani zaidi, Hipparcos, kilichofanya kazi kati ya 1989 na 1993. Kwa hiyo usidhani kwamba nyota ikiwa kali ndiyo rahisi kuchunguza. Darubini kubwa hupofushwa nazo, na ndiyo maana jicho la mtu mwenye daftari bado lina kazi.

Kazi hiyo ianze na Betelgeuse. Katika Jabari, ni ile nyekundu iliyo upande wa kaskazini wa mkanda. Rigel, nyeupe yenye ubuluu, iko upande wa kusini. Betelgeuse hubadilika mng'aro, na namna ya kuukadiria ni ya kulinganisha. Chagua nyota mbili ambazo madaraja yake yanajulikana na hayabadiliki sana, moja ikiizidi Betelgeuse na nyingine ikizidiwa nayo. Zinazofaa ni Procyon (0.4) iliyo mashariki yake na Aldebaran (0.9) iliyo magharibi. Igawe nafasi kati ya hizo mbili kwa sehemu kumi kichwani, kisha ujiulize Betelgeuse imekaa wapi. Ikiwa katikati hasa, andika 0.6 au 0.7. Ikiwa imeshuka chini ya Aldebaran, tumia Pollux ya kundi la Mapacha (1.1), na ikishuka zaidi tumia Bellatrix (1.6), iliyomo katika Jabari yenyewe.

Kuna mambo matatu ya kuchunga, na ndiyo yanayotofautisha kipimo na kubahatisha. Usiikazie macho nyota nyekundu: jicho huendelea kukusanya wekundu na nyota huonekana kama inaongezeka, kwa hiyo tupia jicho mara moja, hamia nyingine, rudi. Pili, zote tatu ziwe juu angani, maana iliyo karibu na upeo hupita katika hewa nene zaidi na hufifia bila kosa lake. Moshi wa miwa inayochomwa au vumbi la kiangazi huzidisha hayo. Tatu, usitazame nambari uliyoandika jana kabla ya kuandika ya leo. Akili hupenda kukubaliana na daftari.

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilianza kufifia isivyo kawaida. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imeshuka hadi kama 1.6, yaani imelingana na Bellatrix, na mtu yeyote aliyekuwa akiilinganisha hivi angeliona jambo hilo bila kifaa chochote. Wengi walidhani italipuka. Darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile ilipoipiga picha, upande wake wa kusini ulionekana umeingia giza, na mwaka 2021 watafiti waliandika kwamba nyota ilikuwa imetema gesi iliyopoa ikawa vumbi na kuuziba mwanga wake. Makadirio ya watazamaji wa kawaida, yaliyorundikwa kwa miaka mingi, ndiyo yaliyoonyesha kuwa kufifia kule kulizidi desturi yake.

Rangi yenyewe ni kipimajoto. Chuma kwenye moto wa mhunzi huanza na wekundu, na kikizidi joto huelekea weupe. Nyota nazo ni vivyo hivyo. Uso wa Betelgeuse una kama nyuzi 3,500 za kelvini, wa Jua 5,800, wa Rigel unakaribia 12,000. Rangi ikikusumbua kuiona, legeza kidogo umakini wa darubini ya mkono hadi nyota ivimbe iwe kiduara: wekundu au ubuluu utajitokeza. Wanafalaki huupitisha mwanga huo katika kifaa kinachoutawanya kuwa ukanda wa rangi wenye mistari myeusi, na mistari hiyo hutaja elementi zilizomo. Kwa njia hiyo Cecilia Payne alionyesha mwaka 1925 kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa.

Tuje kwenye galaksi. Mkanda wa Jabari ukiwa utosini, geuka uelekee kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama digrii 10. Panda ngumi mbili kutoka upeoni. Doa hafifu jeupe lililoko hapo, linalofanana na kipande cha wingu lakini halisogei na upepo, ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa kama miaka 160,000 ya nuru. Usilitazame moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni yake kidogo, kwa kuwa pembe za jicho huhisi mwanga hafifu kuliko katikati. Mwanga wa galaksi umetandazwa, haukukusanyika kama wa nyota, ndiyo maana taa moja ya jirani huimaliza. Februari 1987 nyota mojawapo ya humo ililipuka na kuonekana kwa macho, ikafika karibu na daraja la 3.

Umbali wa galaksi haupimwi kwa ile pembe ya miezi sita. Ni mbali mno. Njia ilifunguliwa na Henrietta Leavitt mwaka 1912, alipochunguza nyota badilifu za Wingu Dogo la Magellan. Zilizochukua siku nyingi kung'aa na kufifia ndizo zilizokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo ukihesabu siku unaijua nguvu, na ukilinganisha nguvu hiyo na mng'aro unaouona unapata umbali. Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo katika Andromeda mwaka 1923 na kuthibitisha kwamba ile ni galaksi nyingine kabisa. Leo umbali wake unajulikana kuwa miaka milioni 2.5 ya nuru. Ukitaka kuiona, itafute Novemba na Desemba mapema usiku, upande wa mlima, nusu ya njia kati ya upeo na utosi.

Nyota ya jamii hiyohiyo unaweza kuifuatilia mwenyewe. Inaitwa Mekbuda, imo katika Mapacha, na hupanda na kushuka kati ya daraja 3.6 na 4.2 kwa muda wa siku 10 hivi. Tofauti ni ndogo, inahitaji jicho lililokwisha kuzoezwa na Betelgeuse. Ilinganishe na Wasat (3.5), iliyo jirani yake. Ukiweka nukta za kila usiku kwenye karatasi ya grafu kwa mwezi na nusu, utaona wimbi likijirudia.

Kuna mwanga ambao hapa chini hatuupati kabisa. Miale ya eksirei huzuiwa na hewa, ikabidi kifaa kipelekwe juu. Kimoja muhimu kilirushwa kutoka pwani ya Kenya: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa falaki ya eksirei ilipaa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini Ngomeni, karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ikweta ilisaidia, maana mzunguko wa Dunia huko huisukuma roketi zaidi. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, ikagundua gesi moto iliyojaa kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja, na ikaona kitu kiitwacho Cygnus X-1 kikipepesa kwa kasi kiasi kwamba hakiwezi kuwa kikubwa. Ndicho kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Angalia jinsi walivyolijua hilo: kwa kufuatilia mng'aro unavyobadilika na wakati, kazi ileile ya daftari lako la Betelgeuse.

Makadirio yako yana mahali pa kwenda. Shirika la AAVSO la Marekani limekuwa likikusanya vipimo vya nyota badilifu kutoka kwa watu wa kawaida tangu 1911, na huvipokea kupitia tovuti yake baada ya kukupa namba ya mtazamaji. Andika jina la nyota, tarehe, saa, kadirio lako, nyota mbili ulizolinganisha nazo, na hali ya anga. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 kisha utoe tatu, kwa sababu hutumia saa ya dunia: saa tatu na nusu usiku ni 21:30 kwetu, kwao 18:30. Usiku ukiwa na mawingu mepesi usibuni nambari. Andika kwamba kulikuwa na mawingu, uache nafasi tupu.