Kabla Hujauza Tamthilia, Mjue Mwenye Kituo

Mtayarishaji anayepeleka tamthilia yake kwenye kituo cha runinga huwa na majibu ya karibu kila kitu: idadi ya vipindi, majina ya waigizaji, gharama ya kila siku ya kurekodi. Asichokijua mara nyingi ni mfuko utakaomlipa. Anaona jengo, anaona magari yenye nembo, anaamini kazi imepata kwao. Miezi minne baadaye anazungushwa na mhasibu kwa ankara ya kipindi cha kwanza.

Kumjua mwenye kituo kuna sehemu tatu: nani ana hisa, nani ana kauli, na pesa ya kila mwezi hutoka kwa nani. Hawa wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Wachunguze wote kabla ya kutaja bei.

Anza kwa msajili wa makampuni, kwa sababu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Tanzania Bara nenda BRELA, na upekuzi huombwa kwa mfumo wao wa mtandaoni. Kenya omba hati ya CR12 kupitia eCitizen. Inaonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni. Hakikisha unatafuta jina la kampuni inayosaini mkataba, kwani jina la chaneli ni nembo tu na nembo haishtakiwi mahakamani. Ukikuta mwanahisa ni kampuni nyingine, itafute na hiyo, upande ngazi moja baada ya nyingine. Tangu mwaka 2020 sheria ya Tanzania inazitaka kampuni zimtaje mmiliki manufaa, yaani binadamu anayefaidi mwishoni mwa ngazi hizo, ila usitegemee kupewa taarifa hiyo kaunta kama unavyopewa ya wanahisa.

Kampuni ikiwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa umepata bahati. Nation Media Group na Standard Group, wenye NTV na KTN, zimo katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hiyo ripoti zao za mwaka ni za kusomwa na yeyote. Ruka picha za wakurugenzi na barua ya mwenyekiti. Nenda kwenye orodha ya wanahisa kumi wakubwa, kisha maoni ya mkaguzi, kisha mstari wa madeni ya wanaoidai kampuni. Linganisha madeni hayo na fedha taslimu iliyopo benki. Madeni yakiwa yanapanda kila mwaka huku taslimu ikishuka, ujue watayarishaji kama wewe ndio wanaokikopesha kituo bila riba.

Kisha tazama ndugu wa kampuni. Azam Media ni mtoto wa kundi la Bakhresa, lile lile la unga, juisi na boti za Zanzibar. Mwaka 2021 ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka kumi wa haki za Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kituo kinachoishi kwa matangazo peke yake kisingethubutu. Nyuma yake kuna ving'amuzi, kuna vifurushi vya kila mwezi, na kuna kundi la biashara lenye subira. Kwako wewe hiyo ni habari njema na tahadhari kwa pamoja. Njema, kwa kuwa mlipaji ana kifua. Tahadhari, kwa kuwa mpira unakula kwanza. Tamthilia katika nyumba ya namna hiyo ina kazi mahsusi: kumfanya mteja alipie kifurushi hata wiki ambazo Simba na Yanga hawachezi. Ukienda kuuza, uza hilo. Onyesha kwamba hadithi yako ina vipindi vya kutosha kuvuka mapumziko ya ligi, na kwamba mama mwenye nyumba hatakubali king'amuzi kikatwe.

Sasa kauli. Hisa nyingi hazina maana ya kauli nyingi, na mfano uliopo sebuleni kwa wengi wetu ni DStv. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv, GOtv na chaneli ya Maisha Magic Bongo inayorusha Huba na Jua Kali. Bei ilikuwa randi 125 kwa hisa. Lakini sheria ya Afrika Kusini inazuia mgeni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya udhibiti wa kituo cha biashara. Walichofanya ni kuitenga kampuni yenye leseni ya huko, ambamo kura za mgeni zimebanwa kwenye kiwango hicho ingawa fungu lake la mapato ni kubwa zaidi ya hapo. Marekani walifanya kinyume: kwa miaka mingi familia ya Redstone ilishika karibu asilimia 77 ya kura za Paramount kwa mtaji wa takriban asilimia 10, mpaka Skydance ilipoinunua Agosti 2025.

Mtayarishaji wa Sinza anahusika vipi na mambo ya Paris? Anahusika, kwa sababu anayeamua bajeti ya tamthilia huenda hajawahi kufika Dar es Salaam. Januari 2024 Amazon iliacha kuagiza kazi mpya za Prime Video barani Afrika, na watayarishaji wa Lagos na Johannesburg waliokuwa na maandiko mezani walibaki nayo. Kwa hiyo kila kampuni inapobadilisha mikono, rudi kwenye mkataba wako utafute kifungu cha uhamisho. Kiandikwe kwamba mnunuzi mpya anarithi deni na ratiba ya malipo, na kwamba kazi iliyoagizwa ikisitishwa, hadithi inarudi kwako.

Upande wa mlipaji ndio wenye mambo mengi. Kituo cha matangazo hulipwa na wakala wa matangazo, naye hulipwa na kampuni ya simu au sabuni, na kila mmoja humkalia mwenzake. Wewe uko mwisho wa foleni. Uliza mapema: mnalipa siku ngapi baada ya kipindi kurushwa, na mteja wenu mkubwa wa matangazo ni nani? Akiwa ni serikali, kuwa mwangalifu zaidi. Machi 2024 serikali ya Kenya iliagiza matangazo ya redio na runinga ya wizara na mashirika yake yapelekwe kituo cha umma cha KBC, na vituo binafsi vikaona fungu kubwa likihama kwa barua moja.

Vituo vya umma kama TBC, ZBC na KBC vina kalenda yao. Mwaka wa fedha wa Tanzania na wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Mkataba uliosainiwa Agosti una nafasi ya kulipwa. Uliosainiwa Mei utaambiwa fungu limekwisha, subiri bajeti mpya. Tena, umma kumiliki hakumaanishi umma kulipa. Channel 4 ya Uingereza ni mali ya umma tangu ilipoanza mwaka 1982, lakini huishi kwa matangazo, wakati BBC hulipiwa na nyumba zinazotazama runinga kwa ada ya leseni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Ukiwa unauza kazi huko, wawili hao ni wateja tofauti kabisa ingawa wote huitwa vituo vya umma.

Kuna na kituo ambacho hakilipi. Kinakuambia: lete kipindi, tutafute mdhamini, tugawane, au ununue muda wa hewani mwenyewe. Si wizi, ni biashara, ila hapo wewe ndiye umegeuka kuwa mfadhili wa kituo. Ukikubali, basi mdhamini alipe kwenye akaunti yako kwanza, au upate nakala ya kila ankara inayotolewa kwa jina la kipindi. Kugawana mapato bila haki ya kukagua vitabu ni kugawana maneno.

Filamu ina utaratibu mwingine. Filamu kubwa za kwetu hazina mwenye pesa mmoja. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, mwaka 2018, ilikuwa ubia wa Kenya, Afrika Kusini na nchi kadhaa za Ulaya. Supa Modo na Nairobi Half Life zilitoka katika ubia wa Nairobi na Wajerumani wa One Fine Day Films. Kila nchi huleta fungu lake pamoja na masharti yake: fundi wa sauti atoke huku, uhariri ufanyike kule. Ruzuku hairudishwi, lakini ina masharti ya matumizi na ya taarifa. Mkopo, ukiwemo ule wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaopitia benki, hurudishwa filamu ikiuza au isiuze. Mwekezaji hurudishiwa filamu ikiuza tu, naye hudai fungu la faida. Ukizichanganya hizi tatu katika akaunti moja, kipindi cha hesabu kitakukuta hujui unadaiwa na nani.

Jambo linalowaumiza wengi ni foleni ya kurudisha pesa. Tuseme filamu yako imegharimu milioni 100: milioni 20 za mkopo, 80 za mwekezaji. Imeuza milioni 60, ukumbi umeshachukua chake. Msambazaji anakata asilimia 30, yaani 18. Anakata na gharama zake za mabango na usafiri, tuseme 12. Zimebaki 30. Mkopo unachukua 20 zake. Mwekezaji anapata 10, bado anadai 70. Wewe uliyeandika, ukaongoza na kuuza gari, umepata sifuri, na kila mtu kwenye foleni amefuata mkataba. Dawa yake ni kuweka ujira wako wa utayarishaji ndani ya bajeti, ulipwe wakati wa kazi, na kuweka ukomo wa maandishi kwa gharama za msambazaji. Isajili pia kampuni ya filamu hiyo peke yake, ili deni lake lisimeze kamera zako.

Mwisho ni haki. Enzi za DVD za Kariakoo wengi waliuza masta kwa mkupuo, na filamu zikaendelea kuuzwa wakati waigizaji wanaomba michango. Netflix hufanya jambo linalofanana kwa suti na tai: hugharamia kazi yote, huongeza kifuta jasho, kisha huchukua dunia nzima. Msimu wa kwanza wa tamthilia ya Kikorea Squid Game uligharimu dola milioni 21.4, nyaraka za ndani zilizovuja zikaukadiria thamani ya karibu dola milioni 900, na mtunzi wake Hwang Dong-hyuk hakuwa na mgawo katika mafanikio ya msimu huo. Uingereza walitibu hilo kwa sheria. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 ililazimisha vituo vikuu viwe na kanuni za ununuzi ambazo humwachia mtayarishaji huru haki zake. Kituo kikapata ruhusa ya kurusha kwa muda, na kampuni ndogo za London zikaanza kuuza vipindi duniani.

Sisi hatuna sheria hiyo, kwa hiyo kila mmoja anajitetea katika karatasi yake. Andika eneo: Tanzania, Afrika Mashariki au dunia. Andika chombo: runinga, mtandao, ndege na mabasi. Andika lugha, kwa sababu tafsiri ya Kifaransa ina soko Kongo na Burundi. Andika miaka, miwili au mitatu, na siku haki zinaporudi. Wakisema wanataka zote milele, wataje bei inayofidia gharama zako zote pamoja na faida. Wakisita, wauzie miaka miwili tu, na kama hawataki hata hiyo, chukua hadithi yako uondoke.