Namba Kubwa Bila Siri Haikulindi

Uko Gakindu, malipo ya kahawa yameingia kwa simu. Mara mtu anapiga, ati ni mhudumu wetu, anataka PIN yako. Kabla hujamjibu, hebu tufanye hesabu kidogo.

Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe pekee: 2, 3, 5, 7, 11. Zidisha 89 kwa 97, zote tasa, unapata 8,633. Rahisi. Sasa mpe jirani 8,633 atafute namba mbili zilizoizaa. Atakaa hapo! Mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977, hutegemea ugumu huo kulinda ujumbe. Siku hizi kila namba tasa yake huwa na tarakimu 300 hivi au zaidi, na hufichwa.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha utoe 1. Ina tarakimu 41,024,320! Lakini haifai kuwa ufunguo wa siri. Kwa nini? Kila mtu anaweza kuijua.

PIN yako ina tarakimu nne tu, lakini inalinda pesa zako kwa sababu ni wewe pekee unayeijua, na anayebahatisha hufungiwa akikosea mara kadhaa. Ukiitaja kwa simu, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Sisi hatutawahi kukuuliza PIN. Anayeuliza si wetu. Kata simu.